Sanduku la malalamiko halina barua hata moja. Je, shamba letu liko salama?

Swali: "Nafanya kazi kwenye shamba la waridi karibu na Naivasha. Tuko wafanyakazi kama 640, wengi wao akina mama. Mnunuzi wetu wa Ujerumani ametutumia fomu ya kurasa 14 akitaka tueleze tunavyosimamia hatari za haki za binadamu, na ametupa wiki tatu. Mkurugenzi ameniachia mimi, maana nilikuwa karani wa mishahara na sasa nashughulikia mambo ya wafanyakazi. Anasema haki za binadamu ni kazi ya serikali, kwamba sisi tuna vyeti viwili, tumejengea kijiji darasa la chekechea, na sanduku la malalamiko halijapata barua mwaka mzima, kwa hiyo niandike hatuna hatari yoyote. Lakini mimi ndiye mwanamke pekee kwenye meza ya mameneja, na kuna mambo nasikia nikipita. Nikiandika ukweli, tutampoteza mnunuzi? Nianzie wapi?"

Dada yangu, umeandika mengi, lakini maneno yaliyonishika ni haya: "kuna mambo nasikia nikipita." Kazi uliyopewa imo humo. Unatakiwa kuyatafutia hayo unayoyasikia ukipita mahali pa kusemwa waziwazi na kushughulikiwa, bila aliyeyasema kupoteza kibarua chake. Fomu itajazika tu. Naona unabanwa na hofu mbili: ukisema kweli, shamba likose soko na watu 640 wakose kazi, ukificha, mtu aendelee kuumia na wewe ukijua. Nitakujibu zote mbili, ila kwanza tuyaondoe mambo manne ambayo mkurugenzi wako ameyachanganya. Simlaumu, maana karibu kila mkurugenzi niliyeketi naye alianza na hayo hayo.

La kwanza ni neno "hatari" lenyewe. Yeye akilisikia anawaza kesi mahakamani, habari mbaya gazetini, maua yaliyokataliwa. Hizo ni hatari za kampuni. Mnunuzi anauliza hatari ya mtu: ni nani anaweza kuumizwa na jinsi shamba hili linavyoendeshwa? Huo ndio msingi wa Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, kanuni 31 zilizoandaliwa chini ya Profesa John Ruggie na kupitishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi Juni 2011. Ukigeuza swali namna hiyo, unaacha kuangalia kutoka dirisha la ofisi na unaanza kuangalia ukiwa umesimama kwenye kitanda cha waridi saa saba mchana, ndani ya joto la plastiki, na mkasi mkononi.

La pili, kwamba ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wa kulinda. Kampuni nayo ina wajibu wake wa kuheshimu, na haungoji serikali ifanye wake. Kwetu Kenya jambo hili halina hata ubishi: Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kinasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za kila mtu, inawafunga watu wote, na Kifungu cha 260 kinasema "mtu" ni pamoja na kampuni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Nenda leo kwenye kabati ukaitafute yenu. Ikiwa iko kwa Kiingereza tu, na aliyeshauriwa ni wakili wa kampuni peke yake, umeshapata jambo la kwanza la kuandika.

La tatu ni darasa la chekechea. Ni jema na liendelee. Ila wema unaofanywa nje ya geti haufuti madhara yanayotokea ndani. Mama aliyeumizwa na supavaiza hafidiwi na mabati ya darasa.

La nne ni vyeti. Mara nyingi mkaguzi huja siku iliyopangwa, akaangalia karatasi na kuhoji watu wachache walioteuliwa na ofisi. Cheti kinaeleza alichoonyeshwa siku hiyo. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua zaidi ya watu 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi wiki chache tu kabla. Hicho cheti siwezi kukisahau, na sidhani mtu mwingine wa kazi hii amekisahau. Vyenu viorodheshe kwenye fomu, lakini usiviache vijibu maswali yanayokuhusu wewe.

Sasa sanduku, ambalo ndilo nataka tukae nalo.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye shamba moja la maua kufanya kazi kama hii yako. Nalo lilikuwa na sanduku lisilo na barua. Lilikuwa limepigiliwa ukutani karibu na saa ya kuingilia, hatua kama nne kutoka mlango wa meneja wa uzalishaji, na kamera ya ulinzi ikilitazama kutoka juu. Ufunguo ulikaa kwa katibu muhtasi wa meneja huyo huyo. Tulipolifungua tulikuta ganda la peremende na kikaratasi kimoja kuhusu basi la jioni. Mchana nikaenda kuketi na akina mama waliokuwa wakila githeri chini ya mgunga nje ya ua. Sikuuliza juu ya unyanyasaji. Niliuliza jinsi kazi inavyogawanywa asubuhi. Kimya kidogo, kisha mama mmoja akasema, akiangalia chakula chake: "Inategemea umelala vipi na supavaiza." Wenzake wakacheka kicheko cha kukata maneno, na mmoja akaanza kufunga mkebe wake wa chakula.

Ilituchukua wiki kadhaa kuelewa maana yake. Mikataba pale ilikuwa ya miezi mitatu. Jina la nani arudishwe lilitoka kwa supavaiza peke yake, kwa mdomo, bila sababu kuandikwa. Yeye ndiye aliyepanga nani avune vitanda vya karibu na nani apelekwe grinihausi ya mwisho, ambako kufikisha idadi ya shina za siku ni shida. Yeye ndiye aliyetia sahihi ruhusa ya kupeleka mtoto kliniki. Mtu mmoja alikuwa ameshika mlo, mzigo na mapumziko ya wanawake arobaini. Hata angekuwa malaika, mpangilio ule ulikuwa wa hatari. Naye hakuwa malaika.

Hapo ndipo hatari ya haki za binadamu inapozaliwa mahali pa kazi: mtu mmoja ana mamlaka makubwa, hakuna anayemwangalia, na aliye chini yake hana pa kwenda. Tabia mbaya ya mtu inakuja baadaye, ikipata nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Februari 2023 zaidi ya wanawake 70 waliwaeleza waandishi wa BBC jinsi walivyonyanyaswa kingono na wakubwa wao kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kampuni zilizoyaendesha zilikuwa na sera na njia za kuripoti, lakini wanawake hao walizungumza na waandishi wa habari. Mtu hupeleka neno lake mahali anapoamini halitamrudia.

Kwa hiyo sanduku tupu katika shamba la watu 640 lisikufurahishe. Maana yake watu wamepima wakaona kusema ni ghali kuliko kunyamaza.

Uanzie wapi? Anza kwa kusikiliza, na usikilize kwa utaratibu. Siyo dodoso la kutia alama. Tafuta mtu wa nje, mwanamke, anayezungumza lugha za watu wenu pamoja na Kiswahili, akutane na vikundi vya watu sita hadi wanane: wavunaji peke yao, wapakiaji, wapiga dawa, vibarua wa msimu, walinzi. Wanawake wakae bila wanaume, na wa kawaida bila masupavaiza. Mkutane nje ya shamba, ukumbi wa kanisa au wa chama, muda ulipiwe kama kazi na nauli irudishwe. Mwite mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tangu siku ya kwanza, lakini usimfanye mlango pekee, kwa kuwa mara nyingine hata yeye ni sehemu ya tatizo. Maswali yawe ya kazi yenyewe: siku huanzaje, kazi gani watu huikwepa, mtu akiugua hufanyaje, mkataba ukiisha nani huamua. Majina yasiandikwe. Na kabla ya yote waambie kweli utayafanyia nini hayo utakayoyasikia. Ukiahidi usichoweza, hutapata nafasi ya pili.

Baada ya hapo utakuwa na orodha ndefu, na hapa wengi hukosea. Watu wa hesabu wamezoea kuzidisha uwezekano wa jambo kutokea kwa hasara ya kampuni. Kwenye haki za binadamu unaanza na uzito wa dhara kwa mtu: dhara ni kubwa kiasi gani, linagusa wangapi, na je, linaweza kurekebishwa? Mshahara uliochelewa siku mbili unawagusa wote 640, nao ni kosa, lakini ukiingia M-Pesa jambo limepona. Sasa chukua wapiga dawa wenu, pengine hawafiki hata kumi. Wanaotumia dawa za wadudu za jamii ya ogano-fosfeti na kabameti hupimwa damu kuona kama kolinesterasi, kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji ili ifanye kazi, kimeshuka. Kikishuka, mtu anatakiwa aondolewe kwenye dawa hadi kirudi juu tena. Waulize wenu: nani aliwahi kuonyeshwa majibu yake? Nimekuta mashamba ambako majibu yanaishia kwenye faili. Nimekuta pia kijana anayeficha kizunguzungu na macho kuona ukungu, maana akihamishwa anapoteza marupurupu ya kupiga dawa ambayo ndiyo karo ya mtoto. Gambuti mpya hazitamsaidia huyo. Atasaidiwa na kanuni kwamba anayeondolewa kwa sababu ya afya anabaki na kipato chake. Watu wachache, lakini mishipa ya fahamu ikiharibika hairudishwi kwa M-Pesa. Hao watangulie.

Ukiisha kupanga uzito, jiulize kwa kila jambo sisi tunahusikaje. Kuna madhara tunayasababisha wenyewe, kama supavaiza wetu na ratiba yetu. Hayo tunayakomesha na kuyafidia. Kuna tunayochangia, kama basi la mkandarasi linalojaza watu mlangoni kwa kuwa sisi tulichagua bei ya chini kabisa. Hapo tunaacha mchango wetu na kumsukuma mwenzetu naye abadilike. Na kuna yanayotufikia kwa njia ya biashara tu bila sisi kuyachangia, mathalani yanayotokea katika kiwanda ambako muuzaji wetu hutengeneza boksi zetu. Hapo tunatumia ushawishi tulionao. Kumbuka walinzi: kuwakodisha kutoka kampuni ya nje hakukuondolei lawama ya wanachofanya usiku kwa mtu aliyeingia kuokota kuni.

Kurekebisha kwenyewe kusianzie kwenye semina. Semina ni rahisi, ina picha na chai, na mkurugenzi ataipenda. Pale shambani nilikokutajia, kilichosaidia kilikuwa karatasi moja: supavaiza alinyang'anywa uwezo wa kuamua peke yake nani arudishwe. Kurudishwa kukawa kwa orodha ya zamu inayobandikwa ukutani, na jina likikatwa sababu inaandikwa, inasainiwa na watu wawili, na mhusika anaweza kupinga. Ugawaji wa vitanda ukawa wa mzunguko. Na wale waliofanya kazi miezi mfululizo wakatambuliwa kama sheria inavyotaka, kwa kuwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira hakiruhusu kibarua kuwa kibarua milele. Miezi michache baadaye malalamiko yaliongezeka. Meneja aliogopa. Mimi nilifurahi, na nikamwomba asubiri. Watu walikuwa wameanza kuamini.

Njia ya malalamiko yenyewe iwe zaidi ya moja: simu inayopokelewa na mtu wa nje, kamati yenye wanawake waliochaguliwa na wenzao, na ndiyo, hata sanduku, lakini likae vyooni au kwenye zahanati mahali pasipo kamera, lifunguliwe na watu wawili. Mlalamikaji aambiwe lini atajibiwa, na ajibiwe. Mtu aliyeumizwa aulizwe anataka nini kirekebishwe. Mmoja atataka fidia, mwingine kuhamishwa, mwingine kuombwa radhi mbele ya waliosikia akitukanwa. Kumfukuza mkosaji kimya kimya, akaajiriwa shamba la pili kando ya ziwa, si suluhisho.

Sasa hofu yako ya mnunuzi. Una njia tatu. Unaweza kunakili sera nzuri kutoka mtandaoni na kujaza "hakuna hatari". Itapita kwa muda, na ni hatari kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi anayejua shamba la watu 640 hawezi kuamini sifuri, na siku jambo likilipuka sahihi iliyoko chini ni yako. Unaweza kuajiri mshauri aandike kila kitu. Utapata ripoti nzuri, lakini akiondoka maarifa yanaondoka naye. Mimi nashauri ya tatu: mjibu kwa wakati, mweleze mnachokijua na msichokijua, mpe mpango wa miezi kumi na miwili wenye tarehe na majina ya wahusika. Mshauri mtumie kwa kusikiliza tu, pale ambapo wewe kwa cheo chako huwezi kusikia kila kitu.

Je, anaweza kukukimbia? Anaweza, sitakudanganya. Mwaka 2020, baada ya madai mazito ya ukatili wa walinzi kwenye mashamba ya kampuni ya kilimo ya Kakuzi, hapa Kenya, kufikishwa mahakamani London, maduka makubwa ya Uingereza, Tesco likiwemo, yalisimamisha ununuzi. Lakini hapo mambo yalikuwa yameshafika mahakamani. Hali yako ni nyingine. Sheria ya Ujerumani ya minyororo ya ugavi, yaani njia yote bidhaa inayopita kutoka shambani hadi dukani, ilianza kufanya kazi 2023, na tangu 2024 inazigusa kampuni zenye wafanyakazi 1,000 au zaidi huko. Haimtaki mnunuzi mkubwa akimbie akisikia tatizo. Inamtaka ajaribu kurekebisha pamoja nawe, na kuvunja uhusiano kunawekwa kuwa hatua ya mwisho. Pia inamtaka awe na njia ya malalamiko ambayo hata mvunaji wenu anaweza kuitumia moja kwa moja. Kwa hiyo usipomwambia wewe, wako wengine watakaomwambia. Sheria ya namna hiyo ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024 imekuwa ikisogezwa mbele na kupunguzwa makali tangu 2025, na mkurugenzi atakuambia hayo kama sababu ya kungoja. Mwambie kifungu cha 20 cha Katiba yetu hakijasogezwa.

Halafu mrudishie mnunuzi maswali yake. Wiki tatu kabla ya Februari 14, sikukuu ya wapendanao, watu wenu hulala saa ngapi? Nani aliongeza oda siku nne kabla ya ndege, kwa bei ile ile? Ikiwa saa za ziada ambazo watu hawawezi kuzikataa zinatokana na oda zake za dakika ya mwisho, naye anachangia dhara hilo, na Kanuni Elekezi zinamgusa kama zinavyokugusa. Omba oda zithibitishwe mapema, na bei inayobeba zamu ya pili. Andika hilo kwenye fomu kwa adabu, ukiambatanisha saa halisi kutoka kwenye daftari lako la mishahara. Wewe ulikuwa karani wa mishahara; hakuna mtu shambani anayeweza kuithibitisha hoja hiyo kuliko wewe.

Yako mambo ambayo hupaswi kuyabeba peke yako, wala kuyachunguza ndani ya kampuni. Mtu akikueleza kwamba amebakwa, kazi yako ya kwanza ni afya na usalama wake. Afikishwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Asioge kabla ya kupimwa wala asifue nguo alizovaa. Na simu 1195 ya kitaifa ya ukatili wa kijinsia haimtozi chochote. Kwenda polisi ni uamuzi wake akiwa mtu mzima, naye asindikizwe na mtu anayemwamini. Akiwa ni mtoto, hakuna la kusubiri: toa taarifa. Mpiga dawa akitokwa jasho na mate mengi, mboni zikawa ndogo na misuli ikimcheza, ni hospitali wakati huo huo, na lebo ya dawa iende naye. Kifo mikononi mwa walinzi, mtoto chini ya umri kazini, au jamii inayodai ardhi au maji ya shamba, hayo yanahitaji wakili wa haki za kazi, afisa wa kazi wa kaunti, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya kampuni pia. Na wewe mwenyewe, ukiambiwa uandike uongo kwa maandishi, omba agizo hilo nalo liwe kwa maandishi, kisha ukamwone wakili kabla ya kutia sahihi.

Najua kuna mstari kwenye fomu unaouliza idadi ya malalamiko ya mwaka uliopita. Kama sanduku lenu limewekwa kama lile nililolikuta, andika hivi: "Sifuri. Hatuichukulii idadi hii kuwa ushahidi kwamba hakuna tatizo. Sanduku limekuwa mahali pasipofaa na ufunguo ulikaa kwa uongozi. Tumeanza kuzungumza na wafanyakazi nje ya shamba, na tutakutumia tuliyoyasikia, bila majina, pamoja na tulichobadilisha." Mpelekee mkurugenzi maneno hayo kabla hujayatuma. Akikataa, usibishane naye ofisini. Mwombe mtembee pamoja hadi lilipo sanduku, asimame mbele yake kama angekuwa mvunaji, aangalie juu kama kuna kamera, kisha akuonyeshe angedumbukiza barua yake saa ngapi.